Mgodi wa makaa ya mawe unajisifu kwa mazingira na misaada: nipime nini?

Swali la msomaji: "Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji kinachopakana na mgodi wa makaa ya mawe. Kampuni imetukabidhi taarifa yake ya mwaka. Inasema ina cheti cha ISO 14001, asilimia 97 ya vipimo vyake vya maji vimekidhi viwango, imepanda maelfu ya miti, imejenga madarasa na zahanati, na asilimia 80 ya wafanyakazi wake ni wenyeji. Mkutanoni watu waligawanyika. Wengine wanasema huu ni mgodi wa mfano, wengine wanasema mto umekufa na tunazibwa midomo kwa madarasa. Mimi sina elimu ya madini. Nitumie nini kuamua?"

Ndugu mjumbe, kabla hujabishana na mtu yeyote, igawe taarifa hiyo mafungu mawili. Fungu la kwanza liwe yale ambayo mgodi unayagusa kwa shughuli zake: maji, hewa, ardhi, nyumba za watu. La pili liwe yale unayoyatoa: mishahara, kodi, mrabaha (yaani malipo kwa ajili ya madini yanayochimbwa), manunuzi, misaada. Kila fungu lisomwe peke yake. Inawezekana kabisa madarasa yenu yamejengwa vizuri na mto wenu umeharibika, kwa hiyo hao waliogawanyika mkutanoni huenda wote wanasema kweli. Ninachokuomba ukikatae ni kimoja tu: fungu la pili kutumika kufuta la kwanza. Kutunza mto ni wajibu wa mgodi hata kama haujawahi kujenga choo kimoja cha shule.

Tuanze na cheti. ISO 14001 ina maana, ila si ile wanayoidhani wengi. Inathibitisha kwamba kampuni ina mfumo wa kusimamia mazingira: ina sera, imeorodhesha hatari zake, ina watu waliopewa majukumu, inajikagua na kujirekebisha. Haisemi maji yanayotoka mgodini yana chuma kiasi gani. Mgodi unaweza kuwa na cheti halali na mto mchafu kwa wakati mmoja. Kule Buffalo Creek, West Virginia, nchini Marekani, bwawa la tope la makaa ya mawe lilipasuka asubuhi ya tarehe 26 Februari 1972 na kuua watu 125. Siku 4 kabla yake mkaguzi wa serikali alikuwa amesema hali inaridhisha. Ukaguzi ndiyo kazi yangu, na naamini una faida kubwa, lakini karatasi ya ukaguzi hujibu kile kilichoulizwa tu. Kwa hiyo ukioneshwa cheti, uliza kilipima nini na kiliacha nini.

Halafu hiyo asilimia 97. Usiulize juu ya zile 97, uliza juu ya 3. Tuseme mgodi ulichukua sampuli 100 kwa mwaka na 3 zikashindwa. Kama zimetawanyika, moja mwezi huu na nyingine miezi mitano baadaye, kila moja imezidi kiwango kidogo tu na sababu imeelezwa, hapo pana mgodi unaojitahidi. Kama zote 3 ni za juma moja, mvua zilipoanza, mahali pale pale ambapo maji ya lundo la mawe taka huingia mtoni, basi hizo 3 ndizo zilizoua samaki, na zile 97 ni za siku ambazo mto ungekuwa salama vyovyote vile. Omba jedwali lenyewe: tarehe, mahali, kipimo, kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni inayo, kwa sababu bila jedwali asilimia haipatikani.

Kwenye maji nitakaa kidogo, maana ndiko mgodi wa makaa ya mawe unakotambulika ulivyo.

Ndani ya makaa, na hasa ndani ya miamba inayoyazunguka, mara nyingi hukaa madini ya pairiti, yaani chuma kilichoshikana na salfa. Yakibaki chini ya ardhi mbali na hewa hayana shida. Yakifukuliwa, yakapata hewa na maji, hutengeneza asidi ya salfuriki. Wapo bakteria wanaoishi kutokana na chuma hicho, nao huiharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Asidi ikishapatikana huyeyusha chuma, alumini na manganizi kutoka kwenye mawe inakopita. Maji yake yanaweza kushuka hadi pH ya 3 au chini ya hapo (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni ya kati, na namba ikishuka asidi imezidi), wakati viumbe wengi wa mtoni wanahitaji maji yaliyo kati ya 6.5 na 9. Mwendo huu ukianza hauzimwi kwa kufunga mgodi. Huendelea maadamu kuna pairiti, hewa na maji, na hiyo inaweza kuwa miaka mingi baada ya tani ya mwisho kutoka.

Nenda mtoni, chini ya mahali maji ya mgodi yanapoingilia, uokote jiwe. Likiwa na utando wa rangi ya chungwa unaobaki kwenye kidole kama poda iliyolowa, hicho ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka kwenye asidi, kikaganda maji hayo yalipokutana na maji mazuri. Utando mweupe kama chokaa mara nyingi ni alumini. Sasa ligeuze jiwe. Kwenye mto wenye afya, upande wa chini wa jiwe una uhai: mabuu ya wadudu wa maji, bapa na wenye miguu mirefu, wanaokimbia mwanga. Fanya hivyo hivyo juu ya mgodi, kwenye mto ule ule, penye mkondo na kina kinachofanana. Ukiwakuta juu na kuwakosa chini, umepata ushahidi ambao hauhitaji maabara kuueleza mkutanoni. Piga picha, andika tarehe.

Lakini kuna mtego hapa, na unawanasa watu wa pande zote mbili za mkutano wenu. Maji yenye asidi kali kabisa mara nyingi ni maangavu, kwa sababu chuma bado kimeyeyuka ndani yake na mwani wa kawaida haustawi. Mtu huyatazama akasema mto umetakata. Na mto uliobadilika kuwa wa kahawia baada ya mvua pengine umebeba udongo wa mashamba ya juu, hauna uhusiano na mgodi. Rangi ni dalili ya kukufanya upime. Hukumu itoke kwenye vipimo.

Mtego wa pili ni pH yenyewe. Mgodi ukimwaga chokaa kwenye maji yake, asidi huisha, chuma hutuama, na pH hupanda hadi 7. Hilo ni jambo jema. Ila salfeti, yaani chumvi zitokanazo na asidi hiyo ya salfuriki, hubaki sehemu kubwa, pamoja na chumvi nyingine, na taarifa inayoonesha pH peke yake haitakueleza. Zikifika kiasi cha miligramu 500 za salfeti kwa lita, watu wengi husikia ladha kwenye maji ya kunywa, na zikizidi sana tumbo huharisha. Kwa hiyo kwenye jedwali tafuta salfeti, na tafuta uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa sababu kadiri chumvi zinavyoongezeka ndivyo umeme unavyopita kirahisi. Kipo kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia hilo. Unakitumbukiza ndani ya maji na namba inatokea. Kamati yenu ikiweza kununua kifaa kimoja tu, kiwe hicho. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, baada ya kuchunguza vijito vya milima ya Appalachia vilivyo chini ya migodi, iliweka mwaka 2011 kiwango elekezi cha maikrosimensi 300 kwa sentimita (ndiyo namba ambayo kifaa hicho huonesha) ili wadudu wa majini wasipotee. Namba hiyo ni ya vijito vile na miamba ile, usiibebe kama sheria. Kwenu kipimo ni tofauti kati ya juu ya mgodi na chini yake, siku moja, saa zinazokaribiana. Ikiwa juu ni 90 na chini ni 1,400, kampuni ina la kueleza, haijalishi asilimia ngapi zimekidhi.

Angalia pia sampuli zinachukuliwa wapi. Kibali cha kutiririsha maji kwa kawaida hutaja bomba au mfereji, na mgodi hupima hapo kwa uaminifu. Maji yanayovuja chini ya malundo ya mawe taka hayapiti bombani. Yanatokea kama chemchemi ndogo pembezoni, miezi au miaka baada ya lundo kuwekwa, na wa kwanza kuyaona ni wachunga mifugo na kina mama wanaofua. Hao waulizeni kabla ya kumuuliza mhandisi.

Na visima msivisahau. Shimo la mgodi likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini lazima yapampwe, na visima vya jirani vinaweza kushuka. Kamba yenye alama na jiwe inatosha: pimeni kina cha maji kwenye visima vichache vile vile kila mwezi, muandike daftarini. Bila daftari hilo, kisima kikikauka mtaambiwa ni ukame, na pengine ni ukame kweli, lakini hamtakuwa na namna ya kujua. Vipimo vya kabla ya mgodi kuanza viko ndani ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ombeni nakala nzima pamoja na viambatisho. Muhtasari hautoshi.

Nisieleweke kwamba hakuna mgodi unaoweza kutunza maji. Kwenye eneo la Emalahleni, Afrika Kusini, ambako makaa yamechimbwa kwa zaidi ya karne, mtambo wa kusafisha maji ya migodini ulianza kazi mwaka 2007. Unayatoa asidi, unayachuja hadi yanakuwa ya kunywa, na sehemu kubwa huingia kwenye mabomba ya mji wenye uhaba wa maji. Ule uchafu uliokuwa mzigo umekuwa huduma. Nauheshimu sana mradi huo. Ila utazame vizuri: una pampu, una chujio zinazochakaa, unakula umeme, unazalisha mabaki ya kuhifadhiwa. Utahitajika maadamu maji yanatoka, na maji hayatakoma makaa yakikoma. Nani atalipia basi?

Hapo ndipo taarifa nyingi za migodi hunyamaza, na ndipo ninapoutenganisha mgodi mzuri na mgodi wenye maneno mazuri. Ujerumani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa magumu mwezi Desemba 2018, na bado pampu zinafanya kazi kwenye bonde la Ruhr, kwa sababu ardhi imetitia na maji ya migodini yakiachwa yapande yatafika kwenye maji ya kunywa. Hakuna tarehe ya kuzizima. Wajerumani walilijua hilo mapema; mwaka 2007 waliunda mfuko maalumu ambao mali zake ndizo zinazogharimia kazi hiyo. Mashariki mwa nchi hiyo hiyo mambo yalikwenda vingine. Migodi ya makaa laini ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki ilifungwa kwa wingi baada ya 1990 bila akiba, na walipakodi wametoa zaidi ya yuro bilioni 10 kujaza mashimo, kuimarisha kingo na kupunguza asidi kwenye maziwa yaliyobaki. Hata hivyo mto Spree bado hupata rangi ya kahawia kwa chuma kwenye baadhi ya sehemu zake.

Marekani iliweka sheria mwaka 1977: mgodi haufunguliwi mpaka uweke dhamana ya kurudisha ardhi. Lakini baadhi ya majimbo yaliruhusu kampuni kubwa zijidhamini zenyewe, yaani ahadi badala ya fedha. Mwaka 2015 na 2016 Alpha Natural Resources, Arch Coal na Peabody Energy, zote za makaa ya mawe, ziliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, na majimbo yakagundua kwamba dhamana yao ilikuwa imesimama juu ya afya ya kampuni ambazo tayari zilikuwa kitandani.

Kwa hiyo swali lako kwa kampuni liwe la moja kwa moja. Fedha ya kufunga mgodi ni kiasi gani, nani aliikokotoa, mara ya mwisho ilihuishwa lini, na imekaa wapi? Ikiwa benki, au kwenye hati ya dhamana ya benki ambayo serikali inaweza kuichukua kampuni ikitoweka, hiyo ni dhamana. Ikiwa ni mstari tu kwenye vitabu vya kampuni, hiyo ni nia njema. Uliza pia kama imejumuisha kusafisha maji baada ya kufunga au inaishia kwenye kusawazisha udongo na kupanda nyasi.

Nimekuja kwenye miti. "Maelfu ya miti" haina maana mpaka ujue imepandwa wapi na mingapi iko hai baada ya miaka mitatu. Miti kando ya lango na nyumba za wafanyakazi ni bustani. Kinachohesabiwa ni hekta: ngapi zimefukuliwa tangu mgodi uanze, ngapi zimerudishwa, na ngapi kati ya hizo zimepokelewa na serikali kwamba zimekamilika. Pengo kati ya namba ya kwanza na ya tatu ndilo deni la ardhi. Kama linapanuka kila mwaka, mgodi unachimba upesi kuliko unavyorudisha. Ukipata nafasi ya kutembelea, ulizia udongo wa juu ulipo. Ule wa sentimita chache za juu, wenye mizizi, mbegu na vijidudu, unatakiwa ukwanguliwe peke yake na utandazwe mapema kwenye eneo linalorudishwa. Ukirundikwa juu sana kwa miaka, sehemu kubwa ya uhai wake hufa. Mgodi ambao hauwezi kukuonesha lundo la udongo wake wa juu hauna cha kurudishia.

Vumbi nitalipitia haraka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kikomo cha maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24 kwa chembe laini kabisa, na 45 kwa zile kubwa kidogo. Taarifa ikikupa wastani wa mwaka tu, omba siku mbaya kuliko zote, na uliza kama kipimo kiko upande ambao upepo unaelekea vijijini. Malori yafunikwe turubai, matairi yaoshwe kabla ya kuingia barabara kuu, maboza yamwagie maji hata usiku. Haya huonekana kwa macho. Kuhusu baruti, kila nyumba iliyo karibu ipigwe picha za kuta, ndani na nje, kabla ulipuaji haujasogea, na mwenye nyumba abaki na nakala. Ugomvi mwingi wa nyufa huishia hewani kwa kukosa picha hizo.

Jambo moja halimo kwenye taarifa mliyopewa, na ingekuwa si haki nikilinyamazia. Migodi ya makaa huvujisha methani, gesi ambayo kwa miaka 20 hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Shirika la Kimataifa la Nishati hukadiria kwamba migodi ya makaa duniani hutoa takriban tani milioni 40 za methani kwa mwaka. Na kila tani ya makaa ya kawaida ya mitambo ya umeme ikichomwa hutoa zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa. Kijiji chenu hakikuyasababisha hayo na hakipaswi kubebeshwa lawama. Ila yanawahusu kwa njia nyingine: nchi nyingi wanunuzi zinapanga kupunguza makaa, na mgodi ulioandikiwa miaka 30 unaweza kufungwa kwa 12. Dhamana inayokusanywa kidogo kidogo kwa hesabu ya miaka 30 itakuwa imefika wapi mwaka wa 12?

Sasa fungu la pili. "Asilimia 80 ni wenyeji" inategemea mwenyeji ni nani. Wa kijiji, wa wilaya au raia yeyote wa nchi? Wafanyakazi wa wakandarasi wamehesabiwa? Migodi mingi hufanya kazi kwa wakandarasi, na hao ndio wenye mikataba mifupi na ajali nyingi. Omba mgawanyo kwa ngazi: walinzi na wasafishaji, waendesha mitambo, mafundi, wasimamizi. Kisha omba wa miaka mitano iliyopita. Kama vijana wenu walianza ulinzi na leo baadhi yao wanaendesha mitambo au ni mafundi wa umeme wenye vyeti vinavyokubalika popote, huo ni mchango mkubwa kuliko darasa, kwa sababu mgodi ukifungwa wataondoka nao kichwani.

Kwa uzoefu wangu, misaada huchukua kurasa nyingi za taarifa na sehemu ndogo ya fedha. Manunuzi huchukua aya moja, na ndiyo yenye fedha: chakula cha wafanyakazi, sare, matengenezo ya magari, usafiri, ujenzi. Asilimia ngapi ya manunuzi inalipwa kwa biashara za wilaya yenu, na zinalipwa baada ya siku ngapi? Mkulima anayeuza mboga mgodini akalipwa baada ya miezi minne anaikopesha kampuni bila riba.

Tofautisha pia haki na hisani. India tangu 2015 imeweka mfuko katika kila wilaya yenye migodi, na kampuni huchangia asilimia 10 au 30 juu ya mrabaha, kutegemea leseni ilipatikanaje. Sheria ya madini ya Kenya ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la mgodi. Fedha za namna hiyo zinaweza kucheleweshwa au kutumika vibaya, lakini ni deni, na deni linadaiwa. Zahanati iliyotolewa kwa hisani inaweza kukosa dawa mwaka ujao bila mtu kuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo kwa zahanati yenu ulizeni nani analipa muuguzi, nani ananunua dawa, na kama serikali imekubali kwa maandishi kuipokea.

Kama kuna kaya zilizohamishwa, hapo msikubali kuharakishwa. Huko Moatize, mkoani Tete, Msumbiji, kampuni ya Vale ilihamisha zaidi ya familia 1,300 mwaka 2009 na 2010 kupisha mgodi. Wengi walipelekwa Cateme, kiasi cha kilomita 40. Walijengewa nyumba, na kwenye taarifa nyumba zilihesabika vizuri. Lakini nyingi zilionesha nyufa mapema, ardhi mpya ilikuwa ya mawe na maji haba, na soko walikokuwa wakiuza kuni na mkaa likawa mbali. Mwezi Januari 2012 wakazi walifunga reli ya makaa. Waliokuwa wakiishi kwa kufyatua matofali nao waliandamana mwaka uliofuata wakidai fidia ya kazi yao. Viwango vya kimataifa vinadai kipato kirejee angalau pale kilipokuwa, na nyumba ni sehemu moja tu ya hilo. Kwa hiyo hesabu kaya zinazokula kama zamani, si mabati.

Mfano wa mwisho ni wa Aberfan, kusini mwa Wales. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mawe taka la mgodi, lililokuwa limewekwa juu ya chemchemi, liliporomoka juu ya shule ya msingi na nyumba za jirani. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Wakazi walikuwa wameonya kabla. Uchunguzi uliiona shirika la umma la makaa kuwa na hatia. Michango ya kuwafariji wafiwa ilimiminika kutoka kila pembe. Kisha, malundo mengine yaliyobaki juu ya kijiji yalipotakiwa kuondolewa, mfuko huo wa wafiwa ukashinikizwa kutoa pauni 150,000 kusaidia gharama. Zilirudishwa mwaka 1997, bila riba. Nilipokuomba mwanzoni usichanganye mafungu, nilikuwa nawafikiria wazazi hao, ambao fedha ya msiba wao ililipa kazi iliyokuwa ya mwenye mgodi.

Katika kikao kijacho, omba pia daftari la malalamiko. Usishangilie ukiambiwa halina kitu. Mgodi unaolipua miamba na kupitisha malori mchana na usiku lazima ukere watu. Daftari lenye malalamiko 60, kila moja likiwa na tarehe, hatua iliyochukuliwa na sahihi ya mlalamikaji, linanipa imani zaidi kuliko tupu. Na omba hayo mengine kwa barua yenye muhuri wa kijiji: jedwali la maji, hekta, hesabu ya dhamana, mgawanyo wa ajira na manunuzi. Wape siku 30. Kampuni yenye kazi nzuri huwa na hamu ya kuionesha; nimewaona mameneja wakifungua mafaili kwa furaha kwa sababu hatimaye kuna mtu ameuliza kitu cha maana.

Hukumu yangu, kwa uliyonieleza, ni kwamba taarifa hiyo haitoshi kuuita mgodi huo wa mfano wala kuushtaki. Barua ipeleke juma hili, lakini kwa mto usisubiri majibu. Wakati wa kiangazi chumvi za asidi hukauka na kujikusanya kwenye malundo, na mvua za kwanza huzisomba zote kwa mkupuo. Siku hizo mbili tatu ndizo mbaya kuliko zote za mwaka, na mara nyingi ndizo ambazo hakuna anayepima. Pimeni sasa, juu na chini ya mgodi, mpate msingi. Kisha mtu mmoja wa kamati awe tayari na kifaa na chupa safi, na mvua ya kwanza ikinyesha ashuke mtoni siku hiyo hiyo. Chupa mbili kila mahali: moja yenu, nyingine mkabidhi kampuni mbele ya mwenyekiti wa kijiji, naye asaini.